Sukari ya Taber

Taber, Alberta, Februari. Upande wa pili wa kiwanda cha sukari
upepo unafagia theluji juu ya mabua ya ngano.
Injini tumeifunga kichwa chini kwenye fremu ya chuma,
imeshindiliwa sukari na shura, urefu wake dhiraa moja,
na sisi watatu tumejikunyata nyuma ya magunia ya mchanga:
Leland Kowalchuk, aliyepima ngano ya watu miaka thelathini na moja,
Tamsin Oyler, mwalimu wa fizikia,
na mimi, Ziyada wa Pangani, mshika daftari.

Sekunde tatu za mngurumo.
Kisha moshi mweupe, na harufu ya kashata iliyoungua.

Tamsin akasoma msukumo kwenye skrini.
Leland alikuwa ameshapima mafuta kwenye mizani yake ya zamani.
Nikagawanya.
Sekunde mia tano na hamsini na sita.

Leland akavua kofia, baridi ile.
Sukari ya chai imeishinda hidrojeni!
Kwa dakika nzima tulikuwa mabingwa wa dunia,
hadi Tamsin aliponiuliza, taratibu,
kama anayeuliza nani kaacha mlango wazi:
«Umegawanya nini kwa nini?»

Nyutoni kwa ratili.
Yaani nimegawanya mbuzi kwa mapera.

Na ratili yenyewe ni pacha wawili wa jina moja:
mmoja ni kitu kilichomo gunini,
mwingine ni nguvu ya ardhi inayokivuta.
Ukiita «Ratili!» wote wawili wanaitika,
na Leland hajawahi kuwatofautisha;
ngano haikumdai.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hakuna aliyenyoosha mkono aulize:
kibaba cha duka lipi?

Tukarudia. Kila kitu nyutoni, mita, kilo,
na kilo tukazizidisha kwa mvuto kabla ya kugawanya.
Mia moja na ishirini na tano.
Basi. Hiyo ndiyo sukari.
Maana yake, nilimwambia Leland,
mafuta haya yanaweza kusukuma kwa uzito wake yenyewe
kwa sekunde mia na ishirini na tano, kisha yamekwisha.
Gawanya nyutoni kwa nyutoni, ratili ya nguvu kwa ratili ya nguvu,
inabaki sekunde tu, ile ile,
haiulizwi kwao wapi.
Akafikiri. «Hata mtu ni hivyo,» akasema,
akaenda kuchemsha kahawa.

Nyuma ya karatasi ya vipimo, vidole ndani ya glavu,
nikahesabu nane kwa nane, mizani ninayoijua tangu utoto:

Kipimo kiwe kimoja, mwanzo hata mwisho wake,
Ratili inapokuja, ibadili nguo zake,
Hesabu huwa yavuja, kila mtu ana chake,
Mizani zikiwa mbili, ukweli huenda wapi?

Nikajiona mjanja.
Leland akarudi na vikombe, akachukua daftari,
akaweka kidole chake kinene kwenye safu ya kwanza.
«Umeandika tumewasha saa kumi na dakika nane.
Hapa ni saa kumi na moja kasoro, na mimi sijala cha mchana.
Tuliwasha tumbo langu likiwa bado na uji wa asubuhi.»

Nikatazama. Kweli. Mwandiko wangu.
Lakini kwenye ukurasa wa juzi, mwandiko huo huo,
jaribio la asubuhi kama hii limeandikwa 4:10,
kwa saa ya nyumbani, inayoanza kuhesabu jua likichomoza.
Siku moja nimeishi Pangani, siku moja Taber,
ndani ya daftari moja, kwa kalamu moja,
wala sikusikia mshono.

Tamsin alicheka hadi akamwaga kahawa.
Leland hakucheka. Alinipa penseli,
akaniachia nafasi kwenye benchi,
na juu kabisa ya ukurasa mpya, kabla ya tarakimu yoyote,
tukaandika, kila mtu neno lake:
nyutoni. kilo. saa ya hapa.